Ushuru ulio ndani ya sahani ya wali

Dadangu ana kibanda cha chakula Likoni, si mbali na feri. Hupika wali kwa maharagwe ya nazi, na Ijumaa pilau. Wateja wake ni makuli, vijana wa bodaboda na walinzi wanaotoka zamu ya usiku na njaa yao. Sahani ni shilingi 80, na bei hiyo ameing'ang'ania muda mrefu kwa sababu anajua kwamba kwa mtu wa kibarua, noti ya mia ni kitu kingine kabisa.

Juma lililopita alinipigia simu baada ya Isha. "Kaka, si wewe uliyesomea mambo ya forodha? Kwenye habari wanasema mchele umeshuka bei huko ulimwenguni. Mbona kwetu haushuki kama wanavyosema? Nataka kujua nipandishe sahani iwe mia, au nipunguze mkono."

Kupunguza mkono, kwa asiyeijua biashara hii, ni kupakua kidogo zaidi na kuomba Mungu mteja asitambue. Mteja hutambua siku hiyo hiyo.

Nikamwomba anipe siku mbili. Kesho yake baada ya Alasiri nikalipeleka swali lake barazani, kwenye kahawa chungu na kashata na watu wasiokosa la kusema. Ilikuwa kosa langu. Swali la mchele liligeuka mara moja likawa mjadala wa serikali.

Kijana mmoja mwenye duka la simu alisema dawa ni moja tu, serikali itoke sokoni. Ifute ushuru wote wa chakula, iwaache wafanyabiashara washindane, na bei itajishusha yenyewe. "Serikali ikigusa kitu, ami, kinapanda." Mwalimu wetu mstaafu, aliyewafunza nusu ya waliokuwa wamekaa pale, akamjibu kwamba serikali isiyokusanya ushuru haina shule, haina hospitali wala barabara, na kwamba mkulima wa hapa akiachwa peke yake mbele ya mchele wa Pakistan atafunga shamba. "Na siku wale wakipandisha bei, utakula simu?"

Watu wakacheka, kahawa ikazunguka. Mjadala huu nimeusikia kwa sura hiyo hiyo tangu mwaka 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, na kila upande una haki kiasi. Lakini hakuna aliyemjibu dadangu. Yeye hakuuliza kama serikali ni nzuri au mbaya, aliuliza kuhusu kilo ya mchele. Nikaomba kalamu, na mtu akanipasulia ubavu wa boksi la biskuti.

Nina diploma ya mambo ya uchukuzi na utoaji wa mizigo, na miaka kadhaa nimejaza makaratasi ya forodha kwa niaba ya wenye mali. Si elimu kubwa, lakini inatosha kuhesabu kontena la mchele. Hesabu yenyewe ni hii.

Mchele mwingi tunaokula pwani unatoka Pakistan. Unapofika bandari ya Mombasa, hutozwa kwa thamani yake pamoja na bima na nauli ya meli. Tuseme tani moja imefika kwa dola 450. Nitahesabu mambo matatu ya kulipa. La kwanza ni ushuru wa forodha. Kwa mchele, Kenya hutoza asilimia 35 ya thamani au dola 200 kwa tani, kile kilicho kikubwa baina ya viwili hivyo. Asilimia 35 ya 450 ni dola 157 na nusu. Dola 200 ni kubwa zaidi, kwa hivyo unalipa 200. La pili ni ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, ambayo ni dola 11 na senti 25. La tatu ni ada ya maendeleo ya reli, asilimia 2, ambayo ni dola 9. Jumla dola 220 na senti 25 kwa tani.

Kwa dola ya shilingi 129, tani hiyo ilikuja ikiwa na thamani ya shilingi 58 kwa kilo, na juu yake zikawekwa shilingi 28 na senti kadhaa kwa kilo. Hapo hatujagusa gharama za bandari, lori, faida ya muuza jumla, wala kodi iliyo ndani ya dizeli ya lile lori, ambayo Julai 2023 VAT yake ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Nimehesabu tatu zile tu.

Dadangu hupika kilo 10 kwa siku. Hizo ni shilingi 284 kila siku, na kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya shilingi 7,300 kwa mwezi. Husikii watu wakisema kwamba mama wa kibanda hulipa shilingi elfu saba kwa serikali ya taifa. Husikia kinyume chake, kwamba hawa wachuuzi hawalipi kodi, ndio maana nchi haiendelei.

Kwa kweli yeye hailipi peke yake. Anaipitisha kwa wateja, sahani kwa sahani. Kilo 10 humpa sahani 50 hivi, kwa hivyo kila sahani ina karibu shilingi 6 za ushuru ndani yake. Ni kidogo, na nisimdanganye msomaji kwamba shilingi sita ndizo zinazowatesa makuli. Lakini udogo huo ndio unaoifanya kodi ya namna hii idumu. Kodi ya mshahara mtu huiona kwenye karatasi yake kila mwisho wa mwezi, akanuna. Ile ada ya nyumba ya asilimia 1.5 kila mwajiriwa anaijua kwa jina. Lakini hakuna kuli aliyewahi kupewa risiti ya wali iliyoandikwa ada ya reli.

Sasa nije kwenye lile ambalo hata mimi, niliyeandika nambari hizi mara nyingi kazini, sikuwa nimelikalia chini kulitafakari mpaka siku ile barazani. Tazama tena yale maneno "kile kilicho kikubwa". Mchele wa bei nafuu, tuseme dola 400 kwa tani, unalipa dola 200. Hiyo ni nusu ya thamani yake, asilimia 50. Basmati nzuri ya dola 1,000 kwa tani, ile ya biriani za harusi, inalipa asilimia 35, yaani dola 350. Kwa shilingi, mwenye basmati analipa zaidi, sikatai. Lakini kwa kiwango, mchele wa makuli unatozwa zaidi kuliko mchele wa mheshimiwa. Na kadiri mchele unavyokuwa wa bei ya chini, ndivyo kiwango kinavyopanda.

Hapo ndipo lilipokuwa jibu la swali la dadangu. Mwaka 2023 mwezi wa Julai, India ilizuia mchele mweupe usio basmati usiuzwe nje, na bei duniani zikapanda. Septemba 2024 ikaondoa marufuku hayo, na baadaye bei zikaanza kuteremka. Chukua mchele ulioshuka kutoka dola 550 hadi 400 kwa tani. Kama ushuru ungekuwa asilimia 35 tu, ungeshuka pia, kutoka dola 192 na nusu hadi 140. Lakini kwa sababu ya ile sakafu ya dola 200, ushuru unabaki 200 pale pale. Bei ya dunia ikipanda kupita kiwango fulani, ushuru unapanda nayo. Ikishuka chini ya hapo, ushuru unasimama. Tofauti ya dola 60 kwa tani ni kama shilingi 7 na senti 70 kwa kilo. Kwa dadangu ni shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo ulimwengu umempunguzia na mlango wa bandari ukazizuia.

Kijana wa simu akapiga goti lake. "Si nilisema!" Nikamwambia subiri, maana ile sakafu haikuwekwa na mwendawazimu. Wapo waagizaji wanaopunguza bei kwenye ankara, mchele wa dola 600 ukaandikwa 300. Ushuru wa kiasi maalumu kwa kila tani haujali umeandika nini kwenye karatasi. Tani ni tani. Kwa ofisa wa forodha ni kinga nzuri. Lakini Mamlaka ya Ushuru ina rejista za bei za mizigo iliyotangulia, na sheria inaiwezesha kuikataa thamani isiyoaminika. Mwizi wa ankara ana dawa yake, na dawa hiyo haifai kunyweshwa mla wali.

Mwalimu naye alikuwa na hoja ambayo haifai kupuuzwa. Ushuru huu upo ili kumlinda mkulima wa mpunga, na mkulima huyo hasa ni wa Mwea, kaunti ya Kirinyaga. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mchele uko kwenye orodha ya bidhaa nyeti, na kiwango cha pamoja ni asilimia 75 au dola 345 kwa tani. Kenya huomba ruhusa kila mwaka itoze kidogo zaidi, ndiyo hiyo 35 au 200. Sababu moja ni kwamba tunakula mchele mwingi kuliko tunaolima. Nyingine ni chai. Pakistan ndiye mnunuzi mkubwa kabisa wa chai ya Kenya, na chai hiyo hunadiwa hapa hapa Mombasa. Huwezi kumfungia mtu mlango wa mchele kisha ukamtarajia aje mnadani na tabasamu. Kwa hivyo ndani ya sahani ya dadangu kuna mkulima wa mpunga wa Kirinyaga na mkulima wa chai wa Kericho, na kila mmoja ana watu wa kumsemea Nairobi. Makuli wa Likoni ndio sijaona wakisemewa.

Mchele wa Tanzania nao una habari yake. Wa Mbeya na Kyela ukija na cheti cha uasilia haulipi ushuru wa forodha, kwa kuwa sote tumo katika umoja wa forodha tangu 2005. Unanukia, wateja wanaupenda. Dadangu huuchanganya siku za pilau. Siku nyingine hesabu haimruhusu.

Nikamgeukia yule kijana. Hilo soko analotaka serikali itoke liko wapi? Bandari ni ya serikali, kuanzia gati mpaka geti. Mwea yenyewe ni kazi ya serikali. Mifereji ya kwanza ilichimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya wafungwa wa Mau Mau waliowekwa kizuizini na wakoloni, na mwaka 2022 bwawa la Thiba lilizinduliwa kuiongezea maji kwa fedha za umma. Na yeye mwenyewe, nikamkumbusha, anakaa Likoni na duka lake liko kisiwani. Kila asubuhi anavuka feri kwa miguu bila kulipa senti. Sote tunavuka bure. Hiyo nayo ni serikali ndani ya uchumi, na sijawahi kumsikia mtu wa Likoni akiomba itoke.

Watu wa pwani hawakuanza jana kukaa na mtoza ushuru mlangoni. Enzi za Seyyid Said, mikataba na Wamarekani mwaka 1833 na Waingereza mwaka 1839 iliweka ushuru wa bidhaa za kigeni uwe asilimia 5, na ukusanyaji wake ukakodishwa kwa matajiri wa Kihindi waliomlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka, kisha wao wakakusanya walichoweza. Ubishi wa kama serikali iwepo mlangoni ulikwisha zamani. Uliobaki ni juu ya kiasi gani, kutoka kwa nani, na kilichokusanywa kinafanya nini.

Hicho cha mwisho ndicho kinachonikera, na nitatumia ile ada ya reli kueleza. Ilianza 2013 kwa asilimia 1.5 ili kujenga reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi. Mwaka 2019 ikapanda hadi asilimia 2. Mwaka 2023 ikarudi 1.5. Mwisho wa 2024 ikapanda tena hadi 2. Garimoshi lenyewe lilianza kubeba abiria 2017, na ukweli usemwe, ni zuri, nimelipanda na watoto. Lakini mwaka 2019 serikali ikaagiza shehena za Nairobi na bara zipande reli kwa lazima, na Mombasa ikaingia barabarani kupinga, kwa sababu lori likikosa mzigo, anayelala njaa ni dereva, turniboi, fundi wa gereji na mama wa chakula Mariakani. Septemba 2022, siku ya kuapishwa, Rais Ruto akatangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Yote hayo yalipita juu ya vichwa vyetu, amri ikaja na amri ikaondoka, na ada ikaendelea kukatwa.

Na mchele wa Likoni haujawahi kupanda treni. Unavuka kwa feri, au unazunguka Dongo Kundu kwa lori. Lakini kila kilo imeshalipia reli.

Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipotaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16 na mafuta ya kupikia ushuru wa asilimia 25, vijana walijaa barabarani, Mombasa ikiwemo. Tarehe 25 Juni bunge lilivamiwa, roho za watu zikapotea, na siku ya pili Rais akatangaza hatautia sahihi. Disemba ya mwaka huo huo sheria nyingine za kodi zikapitishwa, na humo ndimo ada ya reli ilimopandishwa. Sikumbuki kuona hata bango moja. Siwalaumu vijana. Mkate kila mtu anaujua. Ada ya reli ilibidi uwe umewahi kujaza karatasi za forodha ndipo ujue kwamba inakugusa.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, zaka ni asilimia ngapi? Akajijibu mwenyewe, mbili na nusu. Ile ada ya tamko, je? Mbili na nusu. Nambari ni ile ile, akasema, lakini tazama tofauti. Zaka ya mali haikugusi mpaka ufikishe nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na mali hiyo ikae kwako mwaka mzima. Anayekula sahani ya shilingi 80 kwa kibarua cha leo hana nisabu, bali huenda yeye ndiye wa kupewa. Hii nyingine haimuulizi mtu ana nini. Inamngoja kwenye sahani. Mwalimu alinyamaza hapo kidogo, kisha akasema serikali haiwezi kumpima kila mla wali mfukoni. Ni kweli haiwezi. Lakini inaweza kupima mchele, na kuamua kwamba ule wa bei ya chini usilipe kiwango cha juu kuliko wa bei ya juu. Katiba yetu, kifungu cha 201, inataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Sioni haki katika asilimia 50 kwa mchele wa kibandani na 35 kwa basmati.

Tukaja kwa serikali ya kaunti, kwani barazani lazima ifike. Mtu akasema gavana aondoe ushuru huo. Hana uwezo. Kifungu cha 209 kimeiachia serikali ya taifa ushuru wa forodha, VAT, kodi ya mapato na ushuru wa bidhaa. Kaunti ina kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma zake. Ndiyo maana kaunti humfuata dadangu na kitabu cha risiti za sokoni, nayo bandari, iliyo mbele ya macho yake, humlipa mtu mwingine. Fedha za bandarini huingia mfuko wa taifa, kisha kaunti zote 47 hugawiwa sehemu isiyopungua asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa. Mombasa haina fungu la pekee kwa kuwa na bandari. Hilo ni jambo la makala nyingine, na nimeshaliandika mara mbili nikatukanwa mara mbili.

Njia nyingine ambayo serikali huitumia mchele ukipanda ni kufungua mlango kwa muda. Mwaka 2025 iliruhusu tani 500,000 ziingizwe bila ushuru, na kesi ya kupinga ikafika mahakamani Kerugoya. Kila upande ulikuwa na kilio cha kweli. Lakini hata mla wali asifurahie haraka. Mlango ukifunguliwa kwa miezi michache, wanaofaidi kwanza ni wenye mtaji wa kuagiza meli nzima kwa mkupuo. Mwenye duka la jumla aliye na magunia yaliyokwisha kulipiwa ushuru hawezi kuuza kwa hasara, na aliyeleta yasiyolipiwa hana sababu ya kuuza chini sana ya jirani yake. Sehemu ya ule msamaha hubaki njiani. Mimi naona afadhali ushuru wa chini unaodumu kuliko msamaha mkubwa wa msimu, kwa sababu ushuru wa chini hata mfanyabiashara mdogo anaweza kuupangia.

Sikubaliani na kijana kwamba ufutwe wote. Siku India ilipofunga mlango 2023 tuliona ni hatari kutegemea shamba la mtu mwingine. Lakini kama nalipa shilingi 26 za forodha kwa kila kilo ili mpunga ulimwe nchini, nataka niuone ukilimwa, na nauliza kwa nini uwe Mwea pekee. Mto Tana unamwaga maji yake baharini huku kwetu. Wapokomo wamelima mpunga kando ya mto huo, kwa kufuata mafuriko, tangu kabla ya serikali zote hizi. TARDA ilijenga mradi mkubwa wa mpunga katika delta kwa fedha za Japani, na mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 yakauvunja. Tangu hapo habari zake ni za kufufuliwa na kuahidiwa kufufuliwa. Nikipita Garsen kwenda Lamu huwa natazama dirishani upande ule. Maji yapo, ardhi ipo. Ni ardhi yenye ugomvi pia, baina ya mkulima na mfugaji, na damu imemwagika, kwa hivyo sisemi ni kazi rahisi. Nasema ada ya reli ilipata jina lake na kazi yake ndani ya sheria. Ushuru wa mchele hauna jina la aina hiyo. Unaingia mfukoni pamoja na mengine yote, na hakuna wa kumuuliza, kwenye hizi shilingi 26 ngapi zimekwenda kwenye mfereji?

Mwalimu akasema hilo la kuipa kila shilingi jina lake haliwezekani, serikali itakosa pa kugeukia ikija dharura. Kijana akasema hata zikipewa jina zitaliwa. Adhana ya Magharibi ikatukata hapo, kila mmoja akiwa na hoja yake mdomoni.

Jumamosi nikavuka feri, bure, na ile karatasi ya boksi mfukoni. Dadangu aliisoma akiwa amesimama, upawa mkononi. Akarudi kwenye ile 284, akaigawa kwa 80 kichwani haraka kuliko nilivyotarajia.

"Kwa hivyo kila siku serikali inakula kwangu sahani tatu na nusu, na hailipi."

Nikamwambia ndiyo, unaweza kuiweka hivyo.

Akaikunja karatasi akaitia ndani ya mkebe wa pesa, akaendelea kupakua. Sahani bado ni 80 na mkono wa wali haukupungua. Niliyoyaona yamepungua ni maharagwe.